Bisi ya zamani inashofe: utaachia fundi gani ufunguo?

Mwezi wa kumi, mu barabara ya Likasi kuenda Kolwezi, hauna lazima ya kutafuta mbali. Utakuta HiAce imesimama pembeni, kiti ya mbele imenyanyuliwa, watu wamekaa mu kivuli na mizigo yao, na shofere iko na kitambaa mu mukono, anangoja bushoni ya radiatere ipoe. Kati ya wale watu, mara mingi kuko mutu wa kazi mwenye anarudia ku zamu yake, na zamu haingojake mutu. Mwenye bisi, ye iko ku Lubumbashi, anangoja verse ya mangaribi. Leo verse haitafika. Na kama shofere alisukuma kilometre kumi ingine na mushale mu nyekundu, akisema "nitafika tu", basi kesho haitakuwa tena habari ya verse. Itakuwa habari ya kulase.

Tuseme wazi: bisi hizi si za watajiri. Mingi zilinunuliwa na feza yenye ilitoka mu mine. Wale wazee wanakumbuka miaka 2003 na 2004, wakati watu zaidi ya elfu kumi wa Gécamines walitoka mu kazi na ile tunaita departs volontaires. Kila mumoja alipata kiasi chake na akabaki nacho mu mukono, anajiuliza atafanya nini. Kuko wenye walinunua mashini ya kusaga, kuko wenye walilima, kuko wenye walinunua bisi. Leo hadisi inarudia kwa njia ingine. Kijana anafanya miaka ine, mitano mu kampuni, kontra inaisha, anapewa mwisho wake wa hesabu, na muke wake anamwambia: tununue kitu chenye kitaleta mukate kila siku. Wanatafuta HiAce yenye ilitoka Japani, ikashukia ku Dar es Salaam, ikapita Zambia, ikaingia ku Kasumbalesa, volan ingali ku kuume. Ku karatasi iko na miaka makumi mbili. Kwa kweli iko na miaka makumi mbili na maisha ya mutu mwingine ndani yake.

Kitu cha kwanza chenye kitaua bisi ya vile, si giyabox na si freni. Ni moto. Zile moteri za diesel za Toyota zenye tunajua sana huku, 2L, 3L, 5L, zinavumilia mambo mingi: mafuta mubaya, vumbi, shofere mwenye hajui kubadilisha vitesi. Kushofe, hapana. Mara moja ya nguvu inaweza kuenea: kulase inapinda ao inapasuka kati ya valve, na pale umemaliza. 1KZ, ile yenye iko na turbo, nayo hivyo hivyo.

Sasa mutu atasema: kama ni hivyo, nipeleke bisi kwa fundi muzuri. Sawa. Lakini fundi muzuri anajulikana na nini? Mu Lubumbashi, mu Likasi, mu Kolwezi, kila avenue iko na garaji. Ingine iko na ukuta na kibao ya rangi, ingine ni muembe mumoja na matairi mawili ya kukalia. Nimeona kazi safi chini ya muembe na kazi ya aibu nyuma ya ukuta. Kwa hiyo kibao haitakusaidia. Hata neno "mimi nilifundishwa ku Gécamines" haienei yenyewe, hata kama ni kweli kama ateliers za Panda ku Likasi zilifundisha maajistere na maturnere wenye mukono yao inaonekana mupaka leo. Mutu anaweza kuwa turnere wa ajabu na asijue hata kidogo namna maji inazunguka mu HiAce.

Kitu chenye kinaonyesha fundi ni robo saa ya kwanza. Anafanya nini mbele ya kushika ufunguo wa kumi na mbili?

Angalia mazungumuzo ya namna hii, yenye kila mwenye bisi ameisha kusikia:

"Fundi, bisi inashofe."

"Papa, hii haina mambo. Ni ile termostati njo inazuiaka mayi. Tutaitosha, bisi itapumua."

"Ni ngapi?"

"Utanipa tu ya apranti. Kesho asubui unatumika."

Hakuuliza kitu. Hakushika diriti, hakufungua bushoni, hakuangalia ventilatere. Dakika mbili zimepita na ameisha kujua. Ni sawa na mutu wa mine mwenye anaingia mu galeri na kusema paa iko nguvu mbele ya kuinua taa. Mu kazi yenu, mutu wa vile hamutamufwata.

Sasa sikia mwingine:

"Ilianza kushofe lini, papa? Mu mupando ao mu ambuteyaje?"

"Mu mupando. Mu muji iko bien."

"Mayi munaongezaka kila siku?"

"Shofere anasema lita moja, lita mbili."

"Inakimbilia wapi? Munaonaka mayi chini asubui?"

"Hapana, chini kukavu."

"Munatiaka mayi gani? Na nani alifungua hii moteri mbele yangu?"

Huyu hajatengeneza kitu bado, lakini kazi imeanza. Maulizo yake haiko ya kupitisha wakati. Bisi yenye inashofe mu ambuteyaje na inapoa wakati inakimbia, mara mingi iko na ugonjwa ya ventilatere: hewa haivutwe. Yenye inashofe mu mupando na muzigo, hapo fundi atawaza radiatere yenye imezibana, pompi yenye imekula mabawa yake, ao mukaba wenye unateleza. Yenye inakunywa maji na chini kukavu, hapo moyo wa fundi unaanza kupiga, juu maji inaweza kuwa inapita ndani ya moteri yenyewe. Na ulizo la mwisho, la nani alifungua moteri, ni la hekima sana. Kulase yenye ilifungwa mara tatu na boulon zile zile, si sawa na kulase yenye haijafunguliwa.

Nyuma ya maulizo, anaangalia, na moteri ikiwa baridi. Kwa hiyo kama anakuambia "uache bisi hapa usiku, nitaiona asubui mbele haijawashwa", usikasirike. Ni alama nzuri. Asubui anashika diriti kubwa ya juu. Usiku muzima umepita. Kama ingali nguvu sawa jiwe, kuko gazi yenye imefungwa ndani, na gazi hiyo inatoka ku silinda. Anafungua bushoni, anawasha moteri, anaangalia maji ndani ya radiatere. Mabulu kidogo mu dakika ya kwanza ni hewa. Mabulu yenye haiishe, yenye inaongezeka kila anabonyeza gaz, hiyo ni juwe ya kulase, kale kakaratasi kagumu kenye kanakaa kati ya bloki na kulase. Anachomoa kijiti cha mafuta na anaangalia chini ya bushoni ya mafuta: kama anaona rangi ya kahawa na maziwa, mayi na mafuta zimekutana.

Kisha kuko chombo kimoja, na juu ya hicho nitakaa kidogo. Ni pompi ya mukono yenye manometre, inafungwa pale ku fasi ya bushoni ya radiatere. Fundi anapompa mupaka ku namba yenye imeandikwa ku bushoni, anaacha dakika kumi, kumi na tano. Mushale ukikaa, maji haina njia ya kutokea. Mushale ukishuka, anatafuta: ku diriti, ku tundu ndogo chini ya pompi ya maji, ku radiatere yenyewe, ku radiatere ndogo ya hewa ya moto, ile kila mutu anasahau. Chombo hicho si cha bei ya ajabu, lakini magaraji mingi hayana nacho. Sisemi ukimbie fundi mwenye hana. Umuulize tu: "Fundi, utajua namna gani fasi inavuja?" Mwenye anasema "nitaazima ile pompi kwa mwenzangu" ni mwenye akili. Mwenye anasema "macho yangu inaenea", umushukuru na uende.

Ile bushoni watu wanaizarau. Wanasema ni kifuniko tu. Hapana. Lubumbashi iko karibu na metre 1.200 juu ya bahari, Kolwezi inapita 1.400. Huku juu, maji mu sufuria haingoje digre 100: inatokota karibu na 96 ku Lubumbashi, na 95 ku Kolwezi. Ndiyo sababu maharagi inachelewa kuiva. Bushoni ya radiatere iko na springi yenye inafunga maji na nguvu, mara mingi ni bar 0,9 yenye imeandikwa pale juu, na nguvu hiyo inapandisha fasi maji itatokotea mupaka karibu na digre 115. Kama mupira wake umekauka ao springi imechoka, umerudi ku 95. Moteri yenye inafanya kazi vizuri na digre 90 inabakia na digre tano tu za kujikinga, na mupando wa kwanza unazikula. Kwa hiyo fundi mwenye anaanza na bushoni, kitu kidogo kuliko vyote, haiko anacheza. Na mwenye alikupa bushoni ya motokari ingine "juu inaingia", ye hajaelewa.

Sasa termostati. Hapa ninajua nitapigana na nusu ya mafundi wa mukoa.

Mazoea ya kuitosha iko ya zamani na iko kila fasi. Watu wanasema: huku ni joto, termostati ni kitu cha wazungu wenye baridi. Kwanza, mwezi wa sita na wa saba asubui ku Kolwezi, nani alisema ni joto? Moteri ya diesel yenye inatembea baridi inakunywa mazuti zaidi, inatosha moshi, na silinda zinakulika mbio. Lakini kubaya zaidi ni hii. Mu moteri mingi, kuko njia ndogo ya pembeni yenye maji inapitia wakati moteri ingali baridi, bila kufika ku radiatere. Termostati, wakati inafunguka, inafunga ile njia. Ukiitosha, njia ya pembeni inabakia wazi siku zote. Sehemu ya maji ya moto inarudia ku moteri bila kupoa. Mu muji hauoni kitu. Mu mupando, na watu kumi na nane na mifuko ya unga juu, mushale unapanda, na unashangaa: si tuliitosha?

Na kujua kama termostati imekufa ni kazi ya jikoni. Unaitia mu sufuria ya maji, unaweka ku mbabula, unaangalia. Ku zile nyingi za Toyota, karibu na digre 82 inaanza kufunguka, na maji ikikaribia kutokota inapashwa kuwa wazi vizuri. Ikibakia imefunga, unatupa, unaweka mupya. Fundi mwenye anakufanyia hiyo mbele ya macho yako, hata kama sufuria ni ya muke wake, huyo muchunge.

Kuko kipimo kingine cha ventilatere. Mu HiAce za namna hii, ventilatere inavutwa na mukaba, na katikati kuko kitu cha muviringo chenye mafuta nzito ndani, mafundi wanakiita visko. Moteri ikiwa baridi na imezimwa, unazungusha mabawa na mukono, inazunguka na uzito kidogo. Ikiwa moto, na moteri imezimwa vizuri, inapashwa kukataa zaidi. Kama inazunguka bure sawa mulangilangi, visko imekufa. Kuko mafundi wenye wanaifunga na boulon ili izunguke siku zote. Ni dawa ya njiani, nakubali, inaweza kukufikisha ku nyumba. Lakini mwenye anaifanya na kusema imeisha, anakuuzisha kelele na mazuti.

Maji, mama zangu mutanielewa mbio. Angalieni ndani ya birika ya chai. Ile ukoko nyeupe yenye inashikana chini, ni chokaa yenye ilikuwa ndani ya maji. Inchi yetu iko na mawe ya chokaa mingi, ile ya Kakontwe karibu na Likasi kila mutu anaijua, na maji ya forage inaipitia. Ile ukoko inashikana vile vile ndani ya njia ndogo za radiatere, zenye upana wake ni wa kijiti. Shofere anaongeza lita moja kila siku, mwaka muzima. Ni karibu lita mia tatu za chokaa kidogo kidogo. Nyuma ya mwaka radiatere inaonekana nzima inje, na ndani nusu yake ni jiwe. Fundi anaweza kuijua na mukono: moteri imezimwa, radiatere ingali moto, anapitisha mukono pole pole, fasi zenye ziko baridi, maji haipite pale. Maji ya mutoni karibu na mine, ile hata usiwaze. Yenye inakula chuma ya pompi zenu, itaacha radiatere ya shaba?

Kwa hiyo fundi muzuri anauliza maji gani, na wakati anamaliza kazi anatia likide ya rangi, ile ya radiatere, nusu kwa nusu na maji safi. Si juu ya barafu. Ni juu ya kutu, na juu inatokota mbali zaidi. Ukikosa feza ya likide leo, maji ya mvua yenye ilianguka moja kwa moja mu ndoo safi ni bora kuliko ya forage, lakini ni ya kungojea tu, juu haikinge kutu. Na rangi mbili zisichanganywe. Mafundi wanasema nyekundu na kijani ni sawa. Sivyo, zinaweza kufanya uji ndani. Wale wenye wanatia unga ao yai ili tundu izibe, sina neno la kuwaambia. Tundu inaziba, ni kweli. Na vingine vyote nazo.

Mambo ya feza sasa, kwa sababu ni pale urafiki unaishiaka. Namna nzuri ni kutenganisha kazi na vipande. Kazi, mupatane bei mbele. Vipande, muende pamoja ku duka, wewe na fundi, na wewe ulipe. Fundi mwenye anakataa muende naye, iko na sababu, na sababu hiyo utailipa wewe. Pompi ya maji ya bei chini mara mingi utaijua na uzito wake na namna inazunguka: ukishika moyo wake na kuutikisa, usichezecheze. Vipande vya zamani urudishiwe vyote, hata diriti yenye imepasuka. Si kwamba vitakusaidia. Ni kwamba fundi mwenye anajua ataonyesha cha zamani, hatabadilisha kitu chenye kilikuwa kizima.

Na asiogope kukutuma kwa mwingine. Radiatere ya shaba iko na fundi wake, ule anaifungua vichwa, anapitisha chuma mu njia zake na anachomelea. Kulase yenye imepinda inaenda ku mashini, kwa mutu wa kurektifia, na mbele ya mashini wanaipima kama haina ufa. Fundi mwenye anasema "vyote nitafanya hapa", na lime mu mukono, juu ya kulase, hapana. Pale hata musibishane.

Kuko jambo lingine lenye watu hawalisemi sana. Bwana iko mu zamu, majuma tatu ku mine, simu inashika saa ingine tu. Bisi inakufa, na ni mama njo iko mu muji. Anaenda ku garaji, na fundi anamwambia: "Mama, ungoje papa arudie, tutaongea na ye." Ao kubaya zaidi, anamupa bei ya mutu mwenye hajui. Mama, hauna lazima ya kujua kufungua boulon hata moja. Ulizo mbili zinaenea. Ya kwanza: "Fundi, mayi inaendaka wapi?" Ya pili: "Utanionyesha namna gani?" Kama anajibu ulizo hizo na subira, vile angejibu bwana yako, huyo anaweza kushika bisi yenu. Kama anacheka, bebe ufunguo. Na upige foto ya mushale wa kilometre na ya kila kitu chenye anatosha; simu iko na kazi hiyo pia.

Na shofere? Shofere njo anajua kila kitu, na njo anaficha. Iko na verse ya kuleta. Akisema bisi inashofe, itasimama siku mbili, na siku hizo hapate kitu. Kwa hiyo anaongeza maji, ananyamaza, anafungua dirisha. Mwenye bisi mwenye anataka kweli analazimika kufanya kitu kimoja: siku za garaji, verse isiulizwe, na shofere apewe kitu cha kula. Ni garama ndogo. Shofere mwenye haogope atakuja kwako siku ya kwanza mushale umepita katikati, si siku ya kulase. Na umwambie wazi, mbele ya watu: mushale ukifika ku nyekundu, unasimama pale pale, hata kama ni Lwambo, hata kama wasafiri wanatukana. Anazima, watu wa kiti ya mbele wanatoka kwanza, juu wanakaa juu ya moteri yenyewe. Anangoja nusu saa, zaidi. Bushoni ya moto haifunguliwake. Mvuke yenye iko pale inatosha ngozi ya uso. Na maji baridi haimwangwe mu moteri ya moto, hiyo njo inapasua kulase zenye zilikuwa zingali nzima.

Watu wa Kipushi wanajua kitu hiki bila mimi kuwaeleza. Mu 2011 pompi zilishindwa kule chini, na maji ikapanda mu mine. Mu bisi ni kinyume, maji inapungua, lakini pompi ni pompi: siku yenye inanyamaza haitumi barua.

Kazi ikiisha, usilipe yote pale ku garaji. Si kwamba fundi ni mwizi. Ni kwamba mufumo wa maji haupimwe umesimama. Wakati walijaza maji, hewa inabakia imefungwa mu fasi za juu. Fundi anapashwa kuitosha, moteri ikitembea, hewa ya moto ya ndani imefunguliwa, bushoni inje, mupaka mabulu iishe. Kisha mupande naye mu bisi, muende mu mupando wenye muzigo unauonja, murudie, muingie mu ambuteyaje, na macho ku mushale. Fundi mwenye anapanda bila kusukumwa, akakaa pale ku kiti ya mbele juu ya moteri yenye alifunga mwenyewe, huyo umulipe na umwandike namba yake fasi haitapotea.

Juma ya kwanza, kila asubui mbele ya kuwasha, shofere afungue na aangalie kama maji ingali ku fasi ile ile, na aandike mu daftari ya verse. Ikishuka kidogo siku ya kwanza, ni hewa ya mwisho inatoka. Ikishuka siku ya tatu, murudie ku garaji siku hiyo hiyo, mbele ya kupakia watu.